Tawasifu za Ngũgĩ wa Thiong'o: mnaozisifu na mnaoziponda, tukutane hapa

Mla Kurasa (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei 2025, na tangu hapo nimesoma rambirambi nyingi zinazotaja riwaya zake, tamthilia zake na kifungo chake katika jela ya Kamiti. Tawasifu zinatajwa pembenipembeni, kana kwamba mzee alichoka kuandika akaamua kupiga soga. Mimi nasema kinyume. Dreams in a Time of War, kitabu cha mwaka 2010 kinachosimulia utoto wake Limuru, ndicho kitabu chake bora kuliko vyote. Na ndiyo, riwaya yake ya A Grain of Wheat nimeisoma. Msianze.

Sababu yangu ni hii. Kuanzia Petals of Blood ya 1977, wahusika wake wengi wana tabia ya kusimama na kuhutubia. Unamjua mwema, unamjua mnyonyaji, na unajua karibu kila mmoja atasema nini kabla hajafungua mdomo. Kwenye tawasifu hii anayetazama ni mtoto, na mtoto hana hotuba. Kumbukeni kinavyoanza. Ni Aprili 1954, kijana anarudi kutoka shule na njaa yake, anakuta watu wamekusanyika wakisimulia habari za mtu aliyekamatwa na polisi akawaponyoka, risasi zikamfuata, akatoweka. Kila anayesimulia anatia chumvi. Kijana anasikiliza kama anayesikiliza ngano ya shujaa wa kale. Anafika nyumbani ndipo anajua kwamba mtu huyo ni kaka yake, Good Wallace, na kwamba sasa yuko msituni na Mau Mau. Mwandishi hakusimamii begani kukuambia uhisi nini.

Najua wapo walioona kitabu ni cha kawaida, wapo waliochoshwa na majina, na wapo wenye kinyongo cha lugha. Waje wote. Ambaye hajakisoma aseme hajakisoma, tusidanganyane.

Chai ya Rangi

Sijakisoma. Nimetandika mkeka, ngoja waje.

Ndimi Mbili

Mkuu Mla Kurasa, nimekisoma chote na sipingi kwamba kimeandikwa vizuri. Mimi nilikwama kwenye jalada kabla sijafungua. Kimeandikwa kwa Kiingereza.

Huyu ndiye aliyetutangazia mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, kwamba kitabu hicho ndiyo kwaheri yake kwa Kiingereza katika maandishi yake ya aina yoyote, na kwamba tangu siku hiyo ni Kikuyu na Kiswahili mwendo mzima. Hakusema riwaya peke yake. Alisema maandishi yoyote. Humo humo alisimulia jinsi wanafunzi walivyochapwa na kuvishwa kibao cha aibu shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama zao shuleni. Halafu inapita zaidi ya miaka ishirini, anakaa kuandika habari za mama yake mwenyewe, mama asiyejua kusoma, pamoja na ngano za usiku kwenye boma lao, na lugha anayochagua ni ileile aliyoiaga.

Uwezo hakuukosa. Riwaya ya Mũrogi wa Kagogo aliiandika kwa Kikuyu kwanza, kisha akaitafsiri mwenyewe, Wizard of the Crow ikatoka mwaka 2006. Njia aliijua. Kama kuna kitabu kimoja katika maisha yake kilichostahili kuanza kwa Kikuyu, ni hiki. Maneno karibu yote ya humo yalitamkwa kwa Kikuyu. Tunachosoma ni tafsiri ambayo asili yake haikuandikwa popote.

Bibi Maktaba

Mwanangu Ndimi Mbili, nimefundisha fasihi mpaka nikastaafu, na swali lako niliulizwa na kila darasa lililokisoma kitabu hiki.

Tazama alichokitenda, usitazame alichokitangaza tu. Hadithi za kubuni na tamthilia alizipeleka kwenye Kikuyu, na hapo hakurudi nyuma tena. Mihadhara na insha ziliendelea kutoka kwa Kiingereza, kwa sababu tangu mwaka 1982 aliishi uhamishoni na alikula kwa kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani. Tawasifu akaiweka upande wa mihadhara. Uamuzi huo unaweza kuupinga, hata mimi ningependa ingekuwa vinginevyo, lakini usaliti ni neno kubwa mno.

Tena fikiria msomaji. Mjaluo wa Siaya, Mkamba wa Kitui, Mnyamwezi wa Tabora, nani kati yao angekisoma kwa Kikuyu? Wewe mwenyewe umetuambia umekisoma chote.

Ndimi Mbili

Shikamoo mwalimu. Nimekisoma chote kwa sababu sikupewa njia nyingine.

Riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ aliiandika kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni pale Kamiti, na mwaka 1982 tayari sisi wa Kiswahili tulikuwa na tafsiri yake, Shetani Msalabani, mkononi. Mnyamwezi wa Tabora aliisoma bila taabu. Kwa hiyo hoja ya msomaji aliijibu yeye mwenyewe miaka mingi kabla ya tawasifu: andika kwa lugha yako, wengine watafasiri. Nilichokuwa nakitaka ni utoto wa Limuru unaovuka mpaka kutoka Kikuyu kuja Kiswahili, bila kupitia London na New York.

Sijasema usaliti. Nimesema limenichoma.

Bibi Maktaba

Marahaba. Hilo la karatasi za chooni umelitumia vizuri, nakuachia.

Kifaru Mpole

Lugha hainiumizi kichwa. Mimi siamini kumbukumbu zenyewe.

Mtu amevuka miaka sabini, anatuwekea mazungumzo ya mwaka 1947 kana kwamba kulikuwa na karani pembeni anaandika. Ile ya mama kumuuliza usiku kama angependa kwenda shule, akimwonya kwamba wao ni maskini na huenda siku nyingine atashinda bila chakula cha mchana, kisha akimtaka aahidi kwamba hatamwaibisha kwa kukataa shule eti kwa sababu ya njaa. Inapendeza. Inapendeza kupita kiasi. Maisha halisi hayana mpangilio wa namna hiyo. Mama wa kweli angesema, kesho unaanza shule, kaoge.

Huyu ni mwandishi wa riwaya na mikono yake imezoea kazi. Akiona tukio lina nafasi ya kuwa tukio zuri zaidi, halipiti hivi hivi. Sikatai kusoma, nakataa kuitwa kwenye historia.

Mla Kurasa

Mkuu Kifaru, kitabu chenyewe kinalijua hilo unalosema. Mkumbuke Ngandi, yule mtu anayempasha kijana habari za siasa. Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952, kesi ikasikilizwa Kapenguria, mbali kabisa na Limuru, na Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba. Kijana anayapata haya yote kupitia mdomo wa Ngandi, ambaye anachanganya la gazetini, la sokoni na la kwake mwenyewe mpaka hujui lipi ni lipi. Mwandishi angeweza kwenda maktaba akatusafishia. Hakusafisha. Amekiacha kile ambacho mtoto wa Limuru alikiamini siku zile, pamoja na uvumi wake.

Kifaru Mpole

Hapo kwa Ngandi ni patamu, sina ubishi. Lakini umejibu swali ambalo sikuuliza. Ngandi ni uvumi na kitabu kinakiri ni uvumi. Maneno ya mama yameletwa kama ushahidi.

Dada wa Jioni

Kaka Kifaru, maneno ya mama ndiyo yasiyosahaulika. Wewe huna sentensi moja ya mama yako unayoweza kuirudia sasa hivi kama alivyoisema? Na huyu mama alikuwa na swali moja alilolirudia kila mara mwanawe alipoleta matokeo: hivyo ndivyo ulivyoweza kufanya vizuri kabisa? Akileta kumi juu ya kumi, anaulizwa vilevile. Mtu aliyeulizwa swali hilo utoto mzima hahitaji karani.

Ila nilikuja kwa jambo jingine. Nimeona wengi wanakisifia kitabu kwa ajili ya Mau Mau na kuruka nyumba. Mimi nilinaswa na nyumba. Baba mmoja, wake wanne, watoto ishirini na wanne, na Ngũgĩ ni mtoto wa tano wa mke wa tatu, Wanjikũ. Ukisikia hivyo unajiandaa kwa ugomvi wa wake wenza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Huupati. Jioni watoto wa nyumba zote wanajazana kwa mke mkubwa, Wangarĩ, kusikiliza ngano, na Ngũgĩ anawaonyesha wale wanawake kama watu wenye ushirika wao, kila mmoja na kipaji chake. Sijaona mara nyingi mwanamume akiandika ukewenza hivyo, bila kuusifu na bila kuudhihaki.

Kisha baba. Anasimuliwa kwa heshima kwanza: kijana yatima aliyekimbia tauni huko Murang'a, akafanya kazi Nairobi kwenye nyumba ya Mzungu, akajenga utajiri wa ng'ombe na mbuzi. Mifugo inakufa kwa maradhi. Mtu anavunjika, anaingia ulevini, anaanza kupiga. Mama anakimbilia kwa baba yake mzazi. Halafu siku moja watoto wanacheza, baba anakuja kumwambia Ngũgĩ na mdogo wake waache kucheza na watoto wake, wamfuate mama yao. Watoto wake! Sehemu hiyo ni fupi sana, na niliifunga nikakaa nayo.

Sasa shida yangu. Mwaka 2024 mmoja wa wanawe alidai hadharani kwamba Ngũgĩ alikuwa akimpiga mke wake wa kwanza, mama yao, ambaye ni marehemu. Ni madai ya mtoto, mimi sikuwepo na nyinyi hamkuwepo. Lakini tangu niyasikie, zile kurasa za baba siwezi kuzisoma kwa macho ya mwanzo. Nikifika hapo najiuliza, aliyeandika haya alikuwa anaandika akijua nini?

Chai ya Rangi

Duh. Mkeka umepata moto.

Kalamu Kavu

Dada, kwa heshima, hilo lina uzi wake na liliwaka moto vya kutosha wakati ule. Hapa tunajadili kitabu kilichotoka 2010 na kinachoishia kijana akiingia shule ya sekondari ya Alliance mwaka 1955. Wakati huo mwandishi hakuwa na mke. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutosimulia mambo ambayo hayajatokea ndani ya hadithi yake. Tukienda hivyo hakuna tawasifu itakayobaki, kila moja tutaipima kwa habari za baadaye.

Dada wa Jioni

Basi twende kwenye tawasifu yake ya tatu, Birth of a Dream Weaver ya 2016, ambayo inafika 1964. Humo mke yupo, ndoa ipo, watoto wanazaliwa. Nani anaikumbuka nyumba hiyo? Tunakumbuka The Black Hermit ikipanda jukwaani Kampala Novemba 1962, tunakumbuka mkutano wa waandishi Makerere Juni mwaka huohuo na kijana akimkabidhi Chinua Achebe muswada. Hayo yana kurasa na kurasa. Mama yake alimwandika ukamsikia mpaka sauti. Mkewe anapita kama mtu anayekatiza mbele ya kamera. Hilo silihitaji madai ya mtu yeyote kuliona, liko kitabuni.

Kalamu Kavu

Hapo kwenye kitabu cha tatu sina jibu la haraka.

Mla Kurasa

Kitabu cha tatu mimi nakiona dhaifu kuliko viwili vya kwanza, na dada ametaja sababu moja ambayo sikuwa nimeiweka kwenye maneno. Mtoto wa Limuru alikuwa anatazama watu. Mwanafunzi wa Makerere anatazama harakati, majina makubwa, vitabu. Watu wa nyumbani wanakuwa mandhari.

Mjukuu wa Nyeri

Nitasema jambo ambalo huwa silisemi mezani. Babu yangu alikuwa homgadi, yaani mgambo wa upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Nilikichukua kitabu hiki nikiwa tayari nimekunja uso, nikijua nitakutana na babu yangu amechorwa kama fisi, jinsi anavyochorwa kwenye riwaya nyingi za kipindi kile.

Kilichonishangaza ni kwamba boma la Ngũgĩ lenyewe liligawanyika. Kaka msituni na bunduki, na upande wa pili ndugu wa kambo aliyesimama na serikali. Watu hao walikula chungu kimoja. Kuna ndugu mwingine wa kambo, Gĩtogo, kiziwi, aliyepigwa risasi na askari wa Mwingereza kwa sababu aliamriwa kusimama na hakusikia. Waliosoma A Grain of Wheat watamkumbuka Gitogo wa mle. Kumbe hakumtoa hewani.

Kwa hiyo tawasifu ina haki kuliko riwaya. Lakini haijafika ninapotaka. Ndugu wa upande wa serikali anatajwa, hasimuliwi. Good Wallace tunajua alivyokuwa seremala, tunajua anavyokuja kwa siri kutoka msituni kumtakia mdogo wake heri usiku wa kuamkia mtihani, jambo ambalo lingemgharimu maisha. Huyu mwingine aliamua nini, kwa nini, aliogopa nini? Hakuna. Wenye babu kama wangu tunabaki na babu asiye na sababu. Alitaka ardhi? Alitishwa? Alimwamini Mzungu kweli? Familia nyingi za Kenya ya kati zina mtu wa namna hiyo kwenye picha ya zamani na hakuna anayemtaja, na mwandishi pekee ambaye angeweza kumwandika kutoka ndani ya boma alimpita.

Kifaru Mpole

Hii ndiyo komenti ya uzi. Na inaniunga mkono kidogo: anakumbuka anachokipenda.

Mjukuu wa Nyeri

Usiniburuze kwako mkuu. Mimi namwamini alichokiandika. Nadai alichokiacha.

Hati Miliki

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi ni mtu wa mambo ya ardhi kwa kazi, kwa hiyo nitaongea kutoka kwenye kona yangu, na nitarefusha.

Watu wengi huipita haraka ile kesi ya shamba, na naona ndiyo moyo wa kitabu. Baba yake alinunua ardhi kwa utaratibu wa kimila: mali ikatolewa, mashahidi wakawepo, maneno yakasemwa. Baadaye muuzaji yuleyule akaiuza ardhi ileile kwa mtu wa kanisa, na safari hii kukawa na maandishi. Ikaenda kwenye sheria. Wote mnajua nani alishinda. Mwenye karatasi alimshinda mwenye mashahidi. Baba akabaki mpangaji kwenye ardhi aliyoilipia.

Sasa fuateni karatasi kuanzia hapo, mwone kama natia chumvi. Mama asiyejua kusoma anaamua mwanawe aende shule. Kila mtu husoma hapo anaona upendo wa mama, na upendo upo. Lakini boma hilo lilikuwa limeshaona kwa macho yake mtu mzima, mwenye wake na mifugo, akiangushwa na kipande cha karatasi. Babu mzaa mama anamgeuza mjukuu kuwa mwandishi wake wa barua. Kisha Hali ya Hatari inakuja, Oktoba 1952, na maisha yote ya Mkikuyu yanakuwa karatasi: kibali cha kutembea, kibali cha kusafiri. Shule za kujitegemea zinafungwa au kuchukuliwa, chuo cha Githunguri kilichojengwa kwa michango ya wananchi kinageuzwa mahali pa kunyongea watu. Kijana anafanya mtihani, ambao nao ni karatasi, anaupasua, anapata nafasi Alliance. Na siku ya kwenda, pale stesheni ya Limuru, treni ya abiria inamwacha. Kwa nini? Hana kibali. Barua ya Alliance anayo, kibali cha kusafiri hana. Anapandishwa treni ya mizigo kwa hisani ya mtu.

Endeleeni na In the House of the Interpreter, tawasifu ya pili, kitabu cha 2012. Anarudi likizo ya kwanza Aprili 1955 anakuta kijiji chao hakipo, watu wamehamishiwa kwenye kijiji cha kulindwa. Na mwishoni, 1959, amemaliza Alliance, anasubiri kwenda Makerere, anashushwa kwenye basi na kutupwa rumande kwa sababu za karatasi hizohizo. Anajitetea mwenyewe mahakamani, anaachiwa. Mtoto wa mtu aliyeshindwa kesi kwa kukosa maandishi anasimama mbele ya hakimu na kushinda kwa maneno. Hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo mkuu Kifaru, kwangu swali la kama mama alisema maneno yaleyale halina uzito mkubwa. Shamba lilipotea, hilo halikubuniwa.

Kifaru Mpole

Nimekusoma mara mbili. Hoja yangu kuhusu mazungumzo aliyoyanukuu bado iko hai, ila mkondo wa karatasi sikuuona, na nilikisoma kwa kalamu mkononi.

Ndimi Mbili

Hati Miliki, umenipa silaha bila kujua. Karatasi hizo zote, kibali, mtihani, barua ya Alliance, zilikuwa kwa lugha ya nani? Na tawasifu nayo ni karatasi. Mzee alimaliza kwa kuongeza moja kwenye rundo lilelile.

Hati Miliki

Au aliichukua karatasi yao akaandika juu yake shamba lilikuwa la nani. Chagua.

Ndimi Mbili

Nimeshachagua.

Tanga Moja

Wakuu, mnabishana kuhusu lugha na kuficha mambo kana kwamba Afrika Mashariki haikuwa na tawasifu kabla ya 2010. Shaaban Robert alitoa Maisha Yangu mwaka 1949, kwa Kiswahili, akiwa karani wa serikali ya kikoloni. Baadaye ikaunganishwa na Baada ya Miaka Hamsini. Ndimi Mbili, kitabu ulichokuwa unakililia hicho hapo.

Lakini kisomeni pamoja na cha Ngũgĩ mwone tofauti. Shaaban anamlilia mkewe Amina na unalia naye. Anawaandikia wanawe tenzi za wasia, ya Hati kwa binti na ya Adili kwa mwana. Anakwambia jinsi mtu anavyopaswa kuishi. Anachokubania ni yeye mwenyewe. Hasira hamna, wivu hamna, bosi aliyemnyanyasa utamtafuta kwa tochi. Ngũgĩ anakubania mafundisho na anakupa aibu: anakupa kitambaa alichojifunga begani wenzake wakiwa na kaptula, anakupa njaa, anakupa baba anayemfukuza.

Sisi tuliosomeshwa Shaaban tulizoea kwamba mtu mzima akisimulia maisha yake anatoa mawaidha. Ndiyo maana baadhi yetu Dreams hakikutuingia mara ya kwanza. Unangoja mawaidha, hayaji. Mjomba wangu alikirudisha akasema, huyu hajafundisha kitu. Naye ni msomaji hasa, si wa kubahatisha.

Bibi Maktaba

Tanga Moja, Shaaban aliandika chini ya jicho la mwajiri wake na wachapishaji wa mkoloni, na kwenye desturi ambayo kumtaja mtu kwa ubaya ni kukosa adabu. Ukimya wake usome na mazingira hayo. Ngũgĩ aliandika akiwa California, ana umri wa miaka sabini, hakuna wa kumfunga tena. Ukimya wake ndio wa kuulizwa zaidi, kama alivyouliza Dada wa Jioni.

Dada wa Jioni

Asante mwalimu.

Kalamu Kavu

Mimi naomba nitetee ukavu wa mtindo, maana kuna watu huko nyuma ya pazia wananiandikia kwamba kitabu kinaboa. Sehemu za mwanzo zina majina mengi, kweli. Wake, watoto, mabibi, jirani, wenye ardhi. Nilichora ukoo kwenye karatasi na kuendelea. Baada ya hapo kinateleza. Anayetaka vituko vya Wizard of the Crow, na mtawala anayevimba kama puto, humu hatavipata. Asome kile.

Chai ya Rangi

Sawa wakuu, nimeshawishika, ila mmenichanganya. Nianze na kipi? Na kile cha jela ni sehemu ya hivi vitatu au ni kingine?

Mla Kurasa

Anza na Dreams, kisha Interpreter bila kupumzika, kwa sababu habari ya Good Wallace inaendelea humo na utataka kujua mwisho wake. Cha tatu kisome ukiwa na hamu ya Makerere na waandishi wa miaka ya sitini.

Kifaru Mpole

Mimi ningemwambia aanze na Interpreter. Ule uzio wa Alliance, ndani kuna mwalimu mkuu Carey Francis na Shakespeare, nje kuna vijiji vimebomolewa na mama yake ameshikwa kambini, unakufanya umwone huyu mtu amegawanyika vipi. Dreams ukikisoma baada ya hapo kinakuwa kizito zaidi. Mpangilio wa miaka si lazima uwe mpangilio wa kusoma.

Hati Miliki

Atakosa shamba. Dreams kwanza.

Bibi Maktaba

Kuhusu cha jela, kijana wangu Chai ya Rangi: ni kitabu cha pekee. Alikamatwa usiku mwishoni mwa Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda aliyoitunga na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuchezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, akaachiwa Desemba 1978 bila kufikishwa mahakamani. Kitabu kilitoka 1981 kwa jina la Detained. Mwaka 2018 alikipunguza na kukipa jina jipya, Wrestling with the Devil. Ukipata cha zamani chukua hicho, kina hasira ambayo aliipunguza uzeeni. Mla Kurasa atakuambia kina hotuba nyingi, na ni kweli.

Mla Kurasa

Zimejaa tele mwalimu. Ila kwa mtu aliyefungiwa ndani bila kesi, hotuba namruhusu.

Ndimi Mbili

Chai ya Rangi, ukimaliza Dreams njoo hapa useme ni sentensi gani uliisikia kwa Kikuyu ukiwa unaisoma kwa Kiingereza. Mimi nina yangu, ile ya baba na watoto wake. Sitaiandika, usije ukaitafuta hiyo tu.